Jina FURAHA kwa mtoto wa kike: limepitwa na wakati, au ndiyo wakati wake?

Baba Mtarajiwa (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mke wangu ni mjamzito, na vipimo vinasema ni binti. Tumepitia majina mpaka tukachoka, mwisho tukakubaliana juu ya Furaha. Tulipoitangazia familia, maneno yakaanza. Mdogo wangu anasema hilo ni jina la mabibi, siku hizi watu wanaita watoto Ivanna na Briella. Shemeji yangu yeye hana shida na uzamani wake, anachohofia ni kumtwika mtoto mzigo: ukimwita mtu Furaha, unamnyima ruhusa ya kununa.

Kinachonivuta mimi ni kwamba halihitaji maelezo. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza "Furaha maana yake nini?" Mtoto wa miaka minne analijua, mzee wa miaka tisini analijua. Majina mengine mazuri sana, lakini lazima mzazi atembee na ufafanuzi mfukoni.

Sasa nataka kusikia kutoka kwenu, hasa wenye jina hilo au waliomzaa mwenye jina hilo.

---

Mkaa Kijiweni

Shuleni ataitwa Furahi Day kila Ijumaa mpaka amalize kidato cha nne. Jiandae kisaikolojia.

---

Bibi Mkorofi

Mjukuu wangu, hao wanaosema "jina la mabibi" waambie mabibi ndio sisi na bado tupo.

Nikueleze kitu ambacho vijana mnakisahau. Zamani jina lilikuwa taarifa. Mtoto akizaliwa mwaka wa njaa aliitwa Shida au Tabu. Akizaliwa baba yake yuko kwenye kesi, au mama amefiwa, aliitwa Mashaka, Mateso, Huzuni. Aliyezaliwa baada ya mama kukata tamaa aliitwa Sikujua. Hakuna aliyekuwa akimtakia mtoto mabaya, walikuwa wanaandika kumbukumbu ya mwaka kwenye kichwa cha mtoto maana daftari hawakuwa nalo. Sasa katikati ya majina hayo, ukikuta Furaha, ujue kulikuwa na habari njema nyumba ile: pengine mtoto wa kwanza baada ya kungoja sana, pengine baba karudi kutoka safari ambayo watu walidhani harudi.

Kwa hiyo Furaha halikuwa pambo. Lilikuwa habari kama zile nyingine.

La pili, na hili ndilo kubwa. Jina hilo mtoto hatalibeba peke yake. Kuanzia siku ya kwanza mkeo ataitwa Mama Furaha, na wewe Baba Furaha, sokoni, kanisani au msikitini, kwenye vikoba, mpaka siku ya kuzikwa kwenu. Nina jirani ameitwa Mama Tabu maisha yake yote na ni mwanamke mcheshi kuliko wote mtaani. Kila akiitwa mimi nasikitika kidogo. Chagueni jina mnalotaka kuitwa nyinyi.

---

Baba Mtarajiwa

Bibi, hilo la Mama Tabu limenigusa. Sikuwa nimeliwaza kwa upande huo kabisa.

---

Ustadhi wa Mtaani

Assalaam alaykum. Naomba niingize jambo ambalo linahusu majina ya aina hii moja kwa moja, na wengi hawalijui.

Katika Sahihi Muslim kuna hadithi ya Samura bin Jundub, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kumwita kijana majina kama Yasar (wepesi), Rabah (faida), Najih (mwenye kufaulu) na Aflah (aliyefuzu). Sababu iliyotolewa ni nyepesi kuielewa: mtu atakuja kuuliza, "Yupo?" na atajibiwa, "Hayupo." Yaani umeulizwa kama faida ipo nyumbani kwako, ukasema haipo. Weka Furaha mahali pa Rabah uone. "Furaha yupo?" "Hapana, Furaha katoka tangu asubuhi."

Lakini msikimbilie kuharamisha. Katika kitabu hichohicho kuna hadithi ya Jabir, kwamba Mtume alikusudia kukataza majina kama Baraka, Aflah na Yasar, kisha akanyamaza, na akafariki bila kuyakataza. Sayyidna Umar naye alitaka kukataza, akaacha. Isitoshe, Mtume mwenyewe alikuwa na mtumishi aitwaye Rabah, na bibi aliyemlea, Umm Ayman, jina lake hasa lilikuwa Baraka. Ndiyo maana wanazuoni wengi wakasema ni karaha nyepesi, siyo haramu.

Binafsi naona hekima ya hadithi ile iko kwenye masikio. Jina lenye maana nzuri linapokanushwa, moyo husikia kitu kidogo kibaya hata kama akili inajua ni mtu tu anayetafutwa. Ukiona hilo halikusumbui, mwite Furaha, na Mungu amkuze.

---

Mwalimu Ngeli

Ustadhi, umegusa kidonda changu cha kazi. Naomba ubao.

Hofu hiyo ya "yupo, hayupo" kwa Kiswahili inapungua sana, na kinachoipunguza ni sarufi. Tazameni:

Furaha amekuja. Furaha imekuja.
Furaha hayupo. Furaha haipo.
Nimempata Furaha. Nimepata furaha.
Furaha wangu. Furaha yangu.

Mtoto yuko ngeli ya A-WA, hisia iko I-ZI. Silabi moja tu inawatenganisha, na Mswahili yeyote anaisikia bila kufikiri. Ukisema "Furaha ameondoka" hakuna atakayedhani nyumba imeingiwa na huzuni. Ukisema "furaha imeondoka", hapo watu wataleta mkeka. Jirani zetu wenye lugha ambazo kitenzi hakibadiliki kwa mtu na kitu hawana kinga hii.

Mwanya unabaki sehemu chache. "Nyumba haina furaha" na "niko na furaha" kwa mdomo hazitofautishi, maana hakuna kiambishi cha kusaidia. Mama akipiga simu akauliza "Uko na furaha hapo?" unaweza kumjibu kuhusu moyo wako wakati yeye anamtafuta mtoto. Hilo ni la kucheka, siyo la kuogopa.

Halafu angalieni uzuri mwingine: ukikata kichwa cha Furaha inabaki Raha. Haya ni maneno mawili yenye asili tofauti kabisa, furaha linatokana na Kiarabu *farah*, na raha ni neno jingine la Kiarabu lenye maana ya mapumziko. Kukutana kwao ni bahati ya sauti tu. Lakini ni bahati nzuri kwa mtu anayetafuta jina la kumdekezea mtoto.

---

Mkaa Kijiweni

Mwalimu, umekata kichwa. Je, tukikata mkia? Watu wanapenda kufupisha kutoka mwisho. Atabaki FURA. Na kufura ni kuvimba kwa hasira. Kwa hiyo umemwita mtoto Furaha, mtaa unamwita Kasirika.

---

Mwalimu Ngeli

Umenishika, Mkaa. Hiyo ndiyo dosari pekee ya kweli niliyoiona kwenye uzi huu mpaka sasa. Mleta uzi, pigeni marufuku "Fura" tangu wiki ya kwanza. Mkiwaanzishia watu kifupi chenu, hawatatunga chao.

---

Furaha Mwenyewe

Nimeona kichwa cha uzi nikajua mnaniongelea.

Ni kweli, naitwa Furaha, ni mtu mzima mwenye watoto. Niseme yaliyo kweli ya pande zote.

Upande wa kuchosha: sina haki ya kununa. Yule shemeji yako ana hoja. Nikikaa kimya kwenye kikao, atatokea mtu aseme "Furaha, mbona leo huna furaha?" na atacheka kama vile ni yeye wa kwanza duniani kuwaza hilo. Shuleni, kazini, kliniki, kote. Msibani kwa baba yangu kuna mtu mzima mwenye akili zake alisema, "Leo hata Furaha analia." Hakuwa na nia mbaya. Ila nilitamani siku hiyo niitwe Mwajuma.

Upande wa pili ni kwamba watu hutabasamu wakilitamka. Siongezi chumvi. Ukijitambulisha kwa mtu aliyeudhika, karani, askari, mwalimu wa mtoto, kuna kitu kidogo kinalegea usoni mwake. Jina lenyewe linamlazimisha mdomo. Nimenufaika na hilo mara nyingi kuliko nilivyoudhika na lile la kwanza.

Na hakuna anayelikosea kuandika! Mwanangu mmoja nilimpa jina la kisasa, sitalitaja, na kila karatasi yake ina tahajia tofauti. Mimi vyeti vyangu vyote vinafanana.

Kuhusu mzigo: mzigo unatoka kwa wazazi, siyo kwenye jina. Mama yangu hakuwahi kuniambia "wewe ni Furaha, usilie". Aliniacha nilie. Ukimlea Furaha wako hivyo, mtaani watamtania tu, hawatamuumiza.

---

Baba Mtarajiwa

Dada Furaha, asante sana. Mke wangu amesoma jibu lako mara mbili. Amesema hapo pa "aliniacha nilie" ndipo pamemaliza mjadala kwake.

---

Mpwani Asilia

Naona wote mmekaa kwenye upande wa jua. Mimi niwapeleke kivulini kidogo, kwa sababu majina haya ya kufurahisha pwani yana historia ambayo si ya furaha.

Karne ya 19 Zanzibar na mwambao, majina kama Mabruki, Faraji, Feruzi, Almasi yalikuwa ya kawaida sana kwa watumwa. Tazameni maana zake: mwenye kubarikiwa, faraja, vito vya thamani. Mtu ametekwa bara, ametenganishwa na jina alilopewa na mama yake, kisha anapewa na bwana wake jina la kupendeza. Jina zuri hapo lilimpendeza anayeita, siyo anayeitwa.

Mfano unaojulikana ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa, akafikishwa India, kisha akarudi na kuwa kiongozi wa misafara ya wapelelezi wa Kizungu, Burton na Speke, baadaye Stanley na Cameron. Mubarak ni "aliyebarikiwa", na hilo lingine ni mji tu. Jina la kwao hatunalo. Na kati ya waliouhifadhi mwili wa Livingstone mwaka 1873 ili usafirishwe mpaka pwani, aliyeufanyia kazi ya kuupasua aliitwa Farijala. Faraja ya Mungu.

Upande wa pili kuna Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu. Alizaliwa Fumba, Unguja, akiitwa Mtumwa. Fikirieni: binti Mtumwa, baba Saad, jina lenye maana ya heri na bahati njema. Dunia ikaja kumjua kwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Jina alilopewa kwa unyonge liliachwa njiani.

Sisemi Furaha ni jina la kitumwa, wala sisemi usimpe binti yako. Nasema tu majina ya namna hii hayakuanza kama utani wa mitandaoni. Anayeitwa na anayeita ni watu wawili, na ni vizuri kujua jina linamfurahisha yupi.

---

Bibi Mkorofi

Mpwani umesema kweli. Marehemu babu yangu hakupenda kabisa tuzungumzie jina la baba yake. Tulidhani ni uzee.

---

Dada wa Kivu

Habari zenu ndugu wa Tanzania. Nashangaa mnasema Furaha ni jina la zamani! Huku kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, ni jina la wasichana wa leo. Furaha, Neema, Riziki, Zawadi, Sifa, Faida, hayo ndiyo tunayoita watoto, na hakuna anayeyaona ya kibibi. Hata Faida ni msichana kwetu. Labda ninyi mmeyachoka kwa sababu Kiswahili kwenu ni lugha ya kila kitu. Sisi wengi tuna lugha ya nyumbani, halafu jina la Kiswahili ni kama nguo ya sikukuu.

Na furaha iko kwa majirani wote. Waganda wana Sanyu. Wanyarwanda wana Munezero. Wakikuyu wana Gakenia. Ukienda kusini Wazulu wana Jabulani, maana yake "furahini", hata mpira wa Kombe la Dunia la 2010 uliitwa hivyo. Wayoruba wana Ayo, na majina chungu nzima yanayoanzia hapo. Wasomali neno ni lilelile la Kiarabu, Farah, ila kwao ni la mwanamume.

---

Msoma Maandiko

Na wa zamani kuliko wote ni Isaka. Kwa Kiebrania ni "anacheka". Ibrahimu alicheka alipoambiwa atapata mtoto uzeeni, Sara naye akacheka akiwa nyuma ya mlango wa hema, na kicheko chao cha kwanza kilikuwa cha kutoamini. Mtoto alipozaliwa, kicheko kikageuka. Mwanzo 21, Sara anasema Mungu amemfanyia kicheko, na kila atakayesikia atacheka pamoja naye.

Ninachokipenda pale ni kwamba jina halikufuta ile aibu ya kwanza. Limebeba vicheko vyote viwili.

Kwa wanaohofia mzigo, someni Ruthu sura ya kwanza. Naomi maana yake ni mwenye kupendeza. Alipofiwa na mume na wanawe wawili akarudi Bethlehemu, akawaambia wanawake wa mji wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, yaani uchungu. Na mwandishi wa kitabu? Aya inayofuata baada ya maneno yake anaendelea kumwita Naomi, mpaka mwisho anapopakata mjukuu. Hakuna aliyemkatalia uchungu wake, lakini jina halikuondoka.

---

Mkaa Kijiweni

Mimi nilikuja kutania tu, sasa nimejikuta nasoma Ruthu saa sita usiku.

---

Kijana wa Kisasa

Jamani mbona wote mko upande mmoja? Ngoja nimtetee mdogo wake mleta uzi. Jina la neno linakufunga kwenye lugha moja. Mtoto akienda kusoma nje, Furaha ni sauti tu, maana yote mnayoisifia hapa inabaki uwanja wa ndege. Bora jina linaloeleweka popote.

---

Furaha Mwenyewe

Nimesoma nje, mdogo wangu. Kila aliyeniuliza maana nilimwambia, na kila aliyesikia alilishika palepale. Briella angewaambia nini?

Na uliza, Amani Karume aliongoza Zanzibar miaka kumi na jina la Kiswahili tupu. Uhuru Kenyatta alizaliwa 1961, Kenya ikingojea uhuru, akapewa neno lenyewe, akalifikisha Ikulu. Faraja Kotta alivaa taji la Miss Tanzania 2004 kwa jina linalofanana na langu kama mapacha. Hakuna aliyekwama uwanja wa ndege.

---

Kijana wa Kisasa

Haya, nimekaa.

---

Baba Mtarajiwa

Wakuu, kuna jambo sijawaambia, na nadhani ndilo lililonileta hapa hasa. Bibi Mkorofi alipoorodhesha majina ya taarifa nilijiona.

Mimi naitwa Mashaka.

Kwa hiyo kwenye cheti cha kuzaliwa, binti yangu atasomeka Furaha Mashaka. Mdogo wangu analicheka jina kwa uzamani wake, lakini rafiki zangu wanalicheka kwa sababu hii. Mmoja ameniambia litasikika kama kichwa cha habari gazetini.

---

Mkaa Kijiweni

FURAHA MASHAKA. Mkuu, nimejaribu kujizuia nimeshindwa. Samahani sana.

---

Mwalimu Ngeli

Kama mwalimu nasema: nimeshasoma rejista nyingi, na hayo ndiyo majina ambayo darasa zima huyakumbuka baada ya miaka. Nimewahi kuwa na Amani Vita na Bahati Mbaya kwenye mkondo mmoja. Mbaya lilikuwa jina halali la baba. Yule mtoto alikuwa akijitambulisha kwa majina yote mawili kwa makusudi, ili acheke kabla yenu.

Kama linawasumbua, jina la katikati si lazima liwe la baba kwenye kila matumizi ya kila siku. Mtaani ataitwa Furaha tu. Rasmi mnaweza kuangalia jina la babu litakavyoliweka sawa. Babu anaitwaje?

---

Baba Mtarajiwa

Shabani. Haliongezi wala halipunguzi.

---

Bibi Mkorofi

Wewe Mashaka. Ulizaliwa mwaka gani mbaya nyumbani kwenu mpaka wakakuita hivyo?

---

Baba Mtarajiwa

Mama aliugua sana akiwa na ujauzito wangu, bibi. Hawakujua kama tutatoka wote wawili. Tulitoka.

---

Bibi Mkorofi

Basi hilo ni jina la mtoto aliyepona, unaliona baya kwa sababu hukuwepo chumbani. Furaha Mashaka ni sentensi nzuri, isome polepole. Anayecheka acheke. Nenda kamwite.

---

Furaha Mwenyewe

Naunga mkono. Na nina ombi la mwenye jina: msimwite dada yake, akija, Huzuni kwa ajili ya kulinganisha. Nimeshaona familia imefanya hivyo.

---

Mpwani Asilia

Na vipimo vikikosea, akija wa kiume je?

---

Baba Mtarajiwa

Nimemuuliza mama yake sasa hivi. Amesema Furaha hilohilo, na "Fura" ni marufuku kwa jinsia zote.